Mwalimu wa Maneno Alipokuja Kilimatinde

Mwaka niliomaliza chuo cha ualimu na kupangiwa shule ya wasichana ya misheni pale Kilimatinde, kasisi alisimama kanisani, baada ya kutangaza ndoa na kabla ya kutoa baraka, akasema kuwa mwalimu kutoka chuo kikuu atakuja kutoa mazungumzo mawili ya elimu. Yatafanyika katika darasa kubwa, alasiri, siku mbili mfululizo. Wote wanakaribishwa, Wakristo na Waislamu, wanaojua kusoma na wasiojua. Kisha akasita, akaitazama tena karatasi aliyoishika, akaongeza kwamba mazungumzo yenyewe yatahusu maneno.

Tulipotoka nje watu waliulizana maneno gani. Wengine walidhani ni maneno ya serikali kuhusu mifugo, maana wakati ule Mwingereza alikuwa akituhimiza kila siku tupunguze ng'ombe. Wengine walidhani ni siasa, wakasema hawaji. Baba yangu, ambaye alikuwa mwalimu wa kanisa tangu kabla sijazaliwa, alisema mtu hawezi kusafiri kutoka Uganda kuja kutuambia juu ya maneno, kwani maneno kila mtu anayo nyumbani kwake. Alidhani kasisi amesoma vibaya.

Chuo kikuu tulikijua kwa kukisikia tu. Kilikuwa kimoja kwa nchi zetu zote za upande huu, kule ng'ambo ya ziwa, na tulichojua ni kwamba kijana akienda huko hurudi daktari. Kwamba kulikuwa na watu wazima waliokaa huko mwaka mzima wakifikiri juu ya mambo ya kale, au ushairi, au namna watu wanavyosema, hilo halikuwahi kutupitia akilini.

Siku ya ugeni, lori la misheni liliteremka stesheni ya Saranda kupokea garimoshi, nasi walimu tukangoja mbele ya shule na wanafunzi wetu waliopangwa kwa mistari. Kasisi alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe. Lori lilipanda ule mlima likilia, likasimama, na mlango wa mbele ukafunguka. Akashuka mwanamke. Alikuwa Mwafrika, mfupi, kijana bado, amevaa gauni la rangi ya majani makavu, na mkononi ameshika mkoba wa ngozi kama ule wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Tuliendelea kutazama mlango wa lori tukimngoja mwalimu ashuke. Yeye akatembea moja kwa moja hadi kwa kasisi, akapiga goti kidogo, akasema shikamoo, akaeleza kwamba ndiye.

Nakumbuka wasichana wangu walivyotazamana. Walikuwa wamefundishwa wimbo wa kumkaribisha bwana mgeni, na neno bwana lilikuwa katika kila ubeti. Niliwaashiria waimbe hivyo hivyo. Waliimba, na kila walipofika kwenye lile neno sauti zikapungua, na mgeni akatabasamu akiwa ameinamisha kichwa.

Sasa likaja suala la malazi. Kitanda kilikuwa kimeandaliwa katika nyumba ya walimu wa kiume. Kasisi alikuna kidevu, akaniangalia mimi, mwalimu mwanamke, nami nikasema kwetu kuna nafasi. Ndivyo mwalimu wa chuo kikuu alivyokuja kulala katika tembe letu, kwenye kitanda changu, mimi nikatandika ngozi chini.

Mama alipika ugali wa uwele na mlenda, akatoa na maziwa ya mgando. Mama alikuwa Mgogo wa bonde la chini, mtu asiyesema mengi mbele ya wageni, lakini alimtazama yule mgeni tangu ananawa mikono mpaka anamaliza kula. Mgeni alikula vizuri. Alisema yeye ni mzaliwa wa Bukoba, kwao wanakula ndizi, na mlenda alikuwa hajawahi kuuonja. Akauliza jina lake kwa Kigogo. Mama akamwambia. Akauliza na jina la kile kijiti cha kukorogea. Mama akamwambia, na nikaona mama anaanza kufurahi.

Baba alimwuliza kwa heshima kazi yake hasa ni nini.

"Natafuta maneno yametoka wapi, baba," alisema.

"Na ukishajua?"

"Najua watu walitoka wapi."

Baba alitafuna kwanza. Kisha akasema kwamba watu wametoka kwa Mungu, na mgeni akakubali kwamba ndivyo, ila yeye anatafuta walipopitia baadaye. Baba hakucheka, lakini alilisogeza bakuli la maziwa karibu na mgeni.

Baadaye kidogo mgeni akamwuliza yeye ni wa wapi, maana alisikia katika Kiswahili chake kitu ambacho si cha Kigogo. Baba alimjibu kwamba alizaliwa Unyaturu, upande wa Ikungi, akaja huku akiwa kijana. Mgeni akauliza kama anaweza kumfundisha Kinyaturu kidogo. Baba akasema hapana. Alisema mambo hayo aliyaacha mlangoni mwa kanisa siku aliyobatizwa, naye hajayarudia. Alilisema bila ukali, akaomba sala ya kulala, ikawa basi. Nilikuwa nalijua jibu hilo. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia baba akisema neno hata moja la kwao. Nyumbani tulisema Kigogo cha mama, na kanisani na shuleni Kiswahili.

Alasiri ya kwanza darasa lilijaa, na watu wengine wakasimama madirishani. Alikuwapo dresa, msaidizi wa tabibu pale hospitali, Mwislamu kutoka Iramba, ambaye alikuwa rafiki wa baba ingawa walibishana kila wakutanapo. Walikuwapo wafanyakazi wa reli waliopanda kutoka Saranda, wauza kuku, akina mama wenye watoto migongoni, na wazee wenye ng'ombe ambao walikuja kuhakikisha kwamba hazungumziwi ng'ombe.

Yule mwalimu hakuanza na hotuba. Alichukua chaki, akatuuliza mvua inaitwaje. Watu wakacheka. Akasema hataki Kiswahili, anataka kila mtu aseme kama anavyosema kwa mama yake. Wagogo wakasema mvula. Akaandika. Dresa akasema kwao Iramba ni mbula. Akaandika chini yake. Msukuma mmoja wa reli akasema, naye akashangaa mwenyewe, kwamba hata kwao ni mbula. Mzee mmoja aliyepigana vita vya Burma akasema kuna Mkikuyu aliyekuwa naye jeshini, alikuwa akisema mbura. Mwalimu akaandika. Kisha akaandika neno la kwao Bukoba, ambalo lilionekana kama limechakaa upande wa mbele, akatuonyesha kwa vidole mahali lilipochakaa, na jinsi ukilijaza pale linakuwa lile lile la wengine.

Akauliza nani anasema Kinyaturu. Watu wote wakamgeukia baba. Baba alikuwa ameketi benchi la mbele, miwani usoni, anatazama viatu vyake. Mwalimu hakumngojea wala hakumwaibisha. Akaandika mwenyewe, mbua, akaendelea.

Ubao ukawa na yale maneno yamesimama moja chini ya jingine, kama watoto wa tumbo moja waliopangwa kwa vimo. Mwalimu akarudi nyuma ili tuone. Alisema zamani sana, kabla hakujakuwa na Mgogo wala Msukuma wala Mkikuyu, walikuwapo watu waliokaa pamoja mahali mbali kuelekea magharibi, wakiitazama mvua moja na kuiita kwa neno moja. Watu wale wakaongezeka, wakagawanyika, wakatembea, wazazi kwa watoto kwa wajukuu, wengine wakazunguka maziwa, wengine wakafika pwani, na kila kundi lilichukua lile neno katika mdomo wake likawa linalipapasa kidogo kidogo hadi likawa hivi lilivyo leo. Hakuna aliyeliandika. Hakuna mfalme aliyeamuru litunzwe. Lilitunzwa na watu waliokuwa wakiangalia mawingu.

Nilikuwa mwalimu, nilikuwa nafundisha wasichana historia, na historia niliyofundisha ilianza na Wareno. Niliitazama ile orodha ya chaki na kuwaona watu hao wakitembea, wengi kupita kuhesabika, wakija kwangu. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa ananong'ona yale maneno kwa zamu, mvula, mbula, mbua, kama mtu anayesoma Zaburi.

Ndipo mtu mmoja dirishani, Msandawe aliyekuwa kibarua wa barabara, akasema anataka na la kwake liandikwe. Akalitamka. Lilikuwa na mlio ndani yake ambao sisi wengine hatukuweza kuutoa, na vijana wakaanza kucheka. Mwalimu akainua mkono. Akamwomba alirudie, akalirudia, naye mwalimu akajaribu, akakosea, akajaribu tena. Kisha akaliandika peke yake upande wa pili wa ubao, akachora mstari kati. Akasema neno hili halina ndugu hata mmoja upande ule. Watu wenye neno hili walikuwa wanaishi katika nchi hii na kuitazama mvua yake kabla ya sisi wengine wote kufika, na sisi ndio wageni wao. Wale waliokuwa wamemkalia mbele dirishani walimpisha yule kibarua.

Jioni ile nilimpeleka mgeni ukingoni, mahali ambapo mlima unakatika ghafla na chini yake unaona nchi yote ya Ugogo mpaka macho yanachoka. Baba alikuja nasi, jambo ambalo si kawaida yake. Tulikaa juu ya mawe. Mgeni alitazama lile bonde kwa muda, akasema kwa sauti ndogo kwamba kumbe hapa ndipo mahali pa kufikiria mambo haya. Baba akasema yeye alifika juu ya ukingo huu akitokea upande wa pili, akiwa kijana, mwaka wa njaa ile kubwa ya wakati Mwingereza na Mdachi, yaani Mjerumani, wanapigana. Nikageuka kumtazama. Akainuka, tukarudi nyumbani.

Siku ya pili watu walikuwa wengi zaidi, tukahamisha mabenchi na kukaa nje kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, ubao ukaegemezwa ukutani. Siku hiyo alizungumzia maneno ya mifugo. Alisema watu waliotembea kutoka magharibi walikuja na jembe zaidi kuliko fimbo ya kuchungia, na walipofika huku waliwakuta wachungaji wa kaskazini wenye lugha nyingine kabisa, wakajifunza mengi kwao, na pamoja na mambo wakachukua na majina ya mambo. Ndiyo maana katika lugha kama Kinyaturu kuna maneno ya ng'ombe ambayo ukiyafuata yanakupeleka kwa watu walioko mbali, ambao Mnyaturu wa leo hajui kama aliwahi kukaa nao zizi moja.

Akataja mfano, jina la ng'ombe mwenye baka usoni. Alilitaja kama linavyosemwa na wale wa kaskazini.

Baba alisimama. Nilidhani anaondoka. Alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni, na akasema, "Hilo neno bibi yangu alikuwa analiimba. Tulidhani ni la kubembelezea watoto tu, halina maana."

Mwalimu aliweka chaki chini. "Baba, lina maana. Unaukumbuka wimbo?"

Baba alimtazama kasisi. Kasisi alikuwa Mgogo, mtu mpole. Aliitikia kwa kichwa kuonyesha aendelee. Basi baba yangu, aliyekuwa akiongoza nyimbo za kitabu katika kanisa lile miaka yote ya maisha yangu, akaimba kwa lugha ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake. Sauti yake haikuwa ile ya kanisani. Ilikuwa nyembamba, inatoka puani kidogo, kama sauti ya mwanamke mzee, na nilielewa kwamba anaimba kwa sauti ya bibi yake kwa kuwa hivyo ndivyo alivyoupokea. Wimbo ulikuwa mrefu. Ulisimama mahali, ukaanza tena. Mikono yake ilikuwa inaenda mbele na nyuma kama imebeba mtoto, nadhani bila yeye kujua.

Alipomaliza, mwalimu alikuwa ameshika mdomo. Kisha alimwomba aseme maana, na baba akasema mstari kwa mstari: ng'ombe mwenye baka usoni anatangulia, tunapita penye maji ya chumvi ambayo hayanyweki, tunapita penye majabali yanayofanana na watu walioketi, mtoto asilie kwa sababu wenye nchi watasikia. Mwalimu akageuka ubaoni, akaandika kila kitu, na kila alipoandika akatuonyesha: maji ya chumvi yako wapi, majabali yako wapi, na huyu ng'ombe ana jina la watu gani. Hapo mbele yetu wimbo wa kubembelezea mtoto ukageuka njia ya safari.

Usiku ule baba alituambia lililobaki. Hakuwa ameyaacha mambo yale mlangoni mwa kanisa. Njaa ilimchukua mama yake na bibi yake na wadogo zake wote, yeye akatembea peke yake hadi hapa. "Lugha ni kitu cha kujibiwa," alisema. "Niliposema, hakuna aliyenijibu kwa sauti ile. Nikaona bora ninyamaze." Mama, aliyeishi naye miaka yote hiyo, alikuwa analia bila sauti huku anachochea moto.

Asubuhi yake mgeni aliondoka. Kabla ya kupanda lori alifungua mkoba, akanipa karatasi iliyopigwa chapa, nzuri, ngumu kidogo. Ilikuwa ratiba ya mazungumzo ya muhula ujao kule chuo kikuu, ya historia na lugha na fikra. Alisema anajua ni mbali, lakini angependa tuwe tunajua nini kinazungumzwa.

Karatasi ile iliandikwa Kiingereza, nami nikamtafsiria baba. Kulikuwa na mazungumzo juu ya washairi katika majumba ya wafalme. Kulikuwa na mengine yaliyouliza kama watu wasio na maandishi wana historia. Mengine yaliuliza mtu anajuaje kwamba anajua. Na moja, ambalo baba alinifanya nilisome tena, liliuliza walio hai wana wajibu gani kwa waliokufa. Juu ya haya mawili lilikuwapo neno ambalo sikuweza kulitafsiri, nikampelekea dresa, naye akasema bila kusita kwamba ni falsafa, alilisikia kwa mwalimu wake wa chuo cha Kurani kule Kiomboi, ndiyo kazi ya kuuliza maswali yasiyo na mwisho.

Baba alishangaa kwamba mahali fulani duniani watu wazima wanapanga tarehe na saa ya kuuliza hayo, wanachapa karatasi, wanapanga viti. Kutwa nzima shambani alikuwa anasimama na kuegemea mpini wa jembe. Mtu anajuaje kwamba anajua. Jioni moja akasema tarehe zile zikifika na sisi tutakaa. Hatumsikii anayezungumza, lakini swali tunalo.

Tukakaa. Siku ya kwanza tulikuwa sisi watatu, dresa, na kasisi aliyekuja akiwa na haya kidogo. Tuliketi barazani saa ile ile iliyoandikwa, na nilipowaambia kwamba sasa hivi huko ukumbini mtu anasimama kuanza, wote walitazama kaskazini. Dresa na baba walibishana vizuri juu ya kujua. Dresa alisema anajua kwamba dawa fulani inaponya kwa sababu ameona watu wakipona. Baba alisema ameona watu wakipona bila dawa. Kasisi akasema imani. Dresa akasema imani si kujua, na wakaendelea hadi mbuzi wanarudi. Mazungumzo yaliyofuata watu waliongezeka. Yule kibarua Msandawe alikuja, akaketi pembeni, na mara ya pili baba akamsogezea kiti chake mwenyewe.

Siku ya swali la waliokufa ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Kila mtu alisema ya dini yake na ya kabila lake, dua, matanga, majina wanayorithishwa watoto. Mama alikuwa anapitisha chai. Hakuwahi kusema neno katika vikao vile. Alipofika kwa baba akasimama na birika mkononi.

"Mimi naona wajibu wetu ni kusema walivyokuwa," alisema.

Akatuambia juu ya mdogo wake wa kiume aliyekufa katika njaa ile ile, ambaye alizikwa haraka bila chochote kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuchimba. Alisema masikio yake yalikuwa yamechomoza. Alipenda kula udongo wa ukuta. Akiona kuku anakimbia alicheka mpaka anakaa chini. Alisema hayo tu, akaendelea kumimina chai. Baba alikuwa anamtazama kama mtu aliyeonyeshwa chumba katika nyumba yake ambacho hakujua kipo. Nilikuwa na mjomba mwenye masikio makubwa aliyecheka akiona kuku, na mpaka alasiri ile sikuwa naye.

Niliandika barua kwa yule mwalimu kumweleza vikao vyetu. Alijibu kwamba siku alipoipata aliisoma ukumbini kabla ya mazungumzo kuanza, na mwenyekiti akawaomba wote wasimame kwa ajili ya wenzao wa Kilimatinde. Baba alinisomesha sehemu hiyo mara nyingi. Hakuweza kulielewa vizuri, kwamba watu wale walisimama.

Mwaka uliofuata walitangaza kozi fupi ya walimu kule kule chuo kikuu wakati wa likizo, na misheni ikakubali niende. Nilipanda garimoshi hadi Tabora, kisha Mwanza, kisha meli. Kila hatua nchi iliongezeka ukijani, mpaka nikawa naona kama majani yale yanajionyesha. Yule mwalimu wa maneno, sasa rafiki yangu, alinipokea bandarini, na jioni ya pili akanipeleka ukumbini.

Nilikuwa nimeujenga ukumbi ule kichwani mwangu ukawa mkubwa kuliko kanisa letu. Kumbe kilikuwa chumba cha kawaida chenye viti vya mbao, na wasikilizaji walikuwa wachache kuliko wa barazani kwetu, na mwanafunzi mmoja alikuwa amesinzia. Mzungumzaji alikuwa Mzungu mzee, mikono yake haitulii, na alizungumzia mji wa zamani wa mawe uliofunikwa na msitu huko pwani. Alituonyesha picha kwa taa, ukutani: milango ya matao, misikiti bila paa, mizizi ya miti imekumbatia kuta. Alisema waliojenga walikuwa watu wa huku huku kwetu, wakinunua vyombo vya Uchina na kula kwenye sahani hizo. Nilitazama bila kupepesa.

Mwenyekiti alipouliza kama kuna swali, wanaume wawili waliuliza juu ya tarehe na biashara. Kisha nikaona mkono wangu uko juu. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, nikakipanga polepole. Niliuliza waliokaa mji ule walichota wapi maji.

Yule mzee akatabasamu, akauliza nimetoka wapi. Nikasema Kilimatinde, juu ya mlima, ambako maji yako chini. Alisema swali hilo linahitaji picha ambazo hakuja nazo, akaniomba nipite ofisini kwake kesho asubuhi.

Nilikwenda na rafiki yangu. Chumba kilikuwa kimejaa vitabu mpaka chini ya dirisha. Alikunjua ramani ya mji ule, kubwa kuliko meza, akaniachia nitafute mwenyewe. Ndani ya nyua nikaona viduara vidogo, kimoja hapa, kimoja pale, karibu kila penye nyumba. Akasema ndivyo visima. Kisha akatoa bahasha ya picha, akachagua moja, akaiweka mbele yangu chini ya mwanga. Ilikuwa picha ya mdomo wa kisima kimoja, jiwe la matumbawe, na kwenye ukingo wake kulikuwa na mifereji myembamba, mingi, imezama ndani ya jiwe. Nilimwuliza ni nakshi gani hiyo. Alisema si nakshi. Ni kamba. Ni kamba za watekaji maji, zilizopita pale pale kila siku, miaka mia na mia, mpaka jiwe likaachia.

Niliweka kidole changu juu ya picha, kwenye mfereji mmoja, nikaufuata toka juu hadi unapoishia. Wala hakuniambia nikiondoe.